Mbwa hazoei fataki kwa kuachwa nje
Kila mwaka mpya ukikaribia huku Mtwara utasikia watu wanasema mbwa akiogopa fataki mwache tu nje atazoea, jamani hapana, wengi wanazidi kuogopa. Sikio la mbwa linashika sauti nyembamba mpaka kama hezi 45,000 (yaani mitetemo kwa sekunde), letu linaishia 20,000 hivi, na yeye hajui kama ni sherehe. Wetu mwaka jana tulimkuta uvunguni anatetemeka, mate yanamchuruzika mpaka kifuani, roho iliniuma sana. Siku hizi namlisha mapema, namuweka chumba cha ndani, madirisha nafunga, redio inaongea taratibu. Na kumpapasa siyo kumdekeza, hofu siyo utundu. Mnyororo ndo msimfunge kabisa, akikurupuka anaweza kujinyonga.