Katuni ya kuchora kwa mkono au stop-mosheni: tofauti iko wapi hasa

Kila mtu anayetaka kuanza animesheni anauliza aanze na kuchora kwa mkono au na stop-mosheni, yaani kusogeza kidoli kidogo kidogo na kukipiga picha kila hatua, na jibu analopewa karibu kila mara ni kwamba kama unajua kuchora basi chora, kama hujui chukua udongo. Mimi hilo jibu silikubali kabisa, linapoteza watu. Kuna wachoraji wazuri sana ambao raha yao iko kwenye vidoli, na kuna watu mchoro wao ni wa vijiti tu lakini ukiuona unavyotembea unacheka mwenyewe.

Msingi ni uleule, picha zilizotulia zinapita haraka mpaka jicho linaona mwendo. Filamu ya sinema ina fremu, yaani nafasi za picha, 24 kwa sekunde, ila wengi wanatumia picha 12 tu na kila moja inakaa fremu 2, kwa hiyo sekunde 10 ni picha 120, uzichore au uzipige kwa kamera, kazi ipo tu.

Tofauti kubwa ni hii: ukikosea inakuwaje. Kwenye kuchora unaanza na pozi kuu, mfano mkono uko chini halafu mkono uko juu, ndo unarudi kujaza za katikati. Mkono unaenda haraka mno? Unaongeza michoro miwili. Picha ya 7 imeharibika? Unaichora upya hiyo hiyo, zingine huzigusi.

Stop-mosheni haina huo msamaha. Unasogeza kidoli kidogo, unapiga, unasogeza tena, unapiga, na ukishasogeza pozi la mwanzo limeshapotea. Kidoli kikianguka kwenye picha ya 80 kukirudisha palepale kilipokuwa ni kazi kweli, ndo maana watu wanatumia programu inayoonyesha picha iliyopita kwa mbali juu ya ile ya sasa, na wanabana miguu ya kidoli isicheze. Halafu mwanga! Ukipigia karibu na dirisha jua linasogea, wingu linapita, ukija kuangalia video inapepesa mwanzo mwisho. Funga pazia, washa taa, na kwenye simu zima kila kitu cha otomatiki, mwanga, rangi, fokasi, vyote uviweke mwenyewe. Hata shati jeupe linarudisha mwanga kwenye seti ukisimama vibaya, vaa nguo nyeusi.

Sasa kwa nini mtu ajitese hivyo? Kwa sababu kivuli, kina na ugumu wa kitu unavipata bure. Kidoli kikigeuza kichwa unakizungusha tu, wakati mchoraji inabidi ajue hiyo pua inaonekanaje kwenye kila pembe na uso ubaki wa mtu yuleyule, na hapo ndo wengi wanakwama. Ila ukitaka mtu aruke, ageuke ndege, ayeyuke awe maji, mchoraji anachora tu, mwenye kidoli lazima akining'inize kwa waya au akishikilie na kistendi halafu huo waya au kistendi aufute baadaye kwenye kompyuta.

Na kuna ya katikati ambayo watu wanaisahau, kukata karatasi. Unachora viungo mara moja, unakata, unalaza chini ya kamera na kusogeza. Lotte Reiniger wa Ujerumani alitengeneza filamu ndefu nzima kwa vivuli vya hivyo, ikatoka 1926, na mpaka leo ni nzuri ajabu.

Kwa hiyo usianze na swali la kipaji, angalia stori yako. Ina mabadiliko na miruko mingi, chora. Ina kitu kimoja kinachokaa sehemu moja yenye mwanga mzuri, tafuta udongo na waya. Ukiwa bado hujui, chukua sekunde 3 za mtu anayegeuka kutazama nyuma, uzifanye kwa njia zote mbili, halafu uone ni ipi ulikuwa unataka kuirudia kesho yake.