Kipimo kisicho rasmi: mtoto anavyoanza kuelewa uzito

Kipimo kisicho rasmi ni kitu chochote kinachotumika badala ya gramu au sentimita, mradi vipande vyake vyote viwe sawa: gololi, vifuniko vya chupa, vijiti. Watoto wadogo huanzia hapa kwa sababu "gramu 40" kwao ni maneno matupu, ilhali gololi nane wanaziona na kuzishika. (Wa chini ya miaka 3 wasipewe gololi wala vifuniko, hukaba koo.)

Kabla ya kuhesabu, mtoto alinganishe kwa mikono, kitu kimoja kila kiganja. Hapa wengi hukosea kwa kuchagua kikubwa kizito na kidogo chepesi, na mtoto anabaki akiamini ukubwa ndio uzito. Mpe sifongo kubwa kavu na jiwe dogo. Au mpe chupa mbili za nusu lita zinazofanana, zimefunikwa karatasi, moja ya pamba na nyingine ya mchanga mkavu, ambayo hufika gramu 800 hivi.

Vitu vikikaribiana uzito, mkono hautambui tena. Tengeneza mizani kwa hanga ya nguo. Toboa matundu matatu kwenye kila kimoja cha vikombe viwili vya plastiki vinavyofanana, vifunge nyuzi za urefu mmoja, sentimita 20 hivi, uvining'inize kwenye ncha mbili za hanga. Itundike mahali isipogusa ukuta. Ikiwa tupu lazima ikae mlalo. Ikiinama, bandika kibonge cha udongo upande uliopanda juu. Nyuzi zigandishwe kwa selotepu, maana kikombe kikiteleza kuelekea katikati kitaonekana chepesi kuliko kilivyo.

Weka kitu upande mmoja, mtoto aongeze gololi moja moja upande wa pili. Aanze kwa kukisia zitaingia ngapi. Wapo watakaosema upande uliopanda ndio mzito, kwa kuwa wamezoea kwamba "zaidi" huenda juu. Mwache abonyeze kikombe kwa kidole aone kinakwenda wapi.

Kisha pimeni kitu kilekile kwa vifuniko. Kama gololi zilikuwa 8, vifuniko vinaweza kupita 15. Usiharakishe kumweleza. Swali la kwa nini namba imebadilika na kitu hakikubadilika ndilo kiini cha somo zima: kipimo kikiwa chepesi, vinahitajika vingi zaidi.

Kwa urefu kanuni ni hiyohiyo, ila vijiti vianzie ukingoni, vigusane, visipandane.

Gramu zije mtoto akishaona mwenyewe kwamba gololi zake na za mwenzake hazileti jibu moja. Gololi ya kioo yenye kipenyo cha milimita 16 ina gramu 5 hivi, kwa hiyo jiwe la mizani la gramu 100 litalingana na gololi kama 20.