Mabuu ya Nzi Ndani ya Jicho: Dhana Potofu na Ukweli

Watu wengi huamini kwamba mabuu ya nzi humwingia jichoni mtu mchafu tu, na imani hiyo huwafanya wagonjwa waone aibu na kuchelewa kutafuta tiba. Ukweli ni kwamba nzi anayehusika mara nyingi zaidi, Oestrus ovis, ambaye kwa kawaida hulenga pua za kondoo na mbuzi, hahitaji uchafu wala kidonda. Jike wake hatagi mayai, bali huzaa mabuu waliokwisha kuanguliwa na kuwarusha jichoni pamoja na majimaji kidogo, tena akiwa angali hewani. Mchungaji aliyetoka kunawa uso anaweza kupatwa, na hata mtu asiyefuga mnyama yeyote. Wagonjwa wengi hukumbuka kwamba mdudu aliwagonga jichoni ghafla, na muda mfupi baadaye jicho likaanza kuwasha, kutoa machozi na kuwa kama lililoingiwa na mchanga.

Kwa kuwa jicho huwa jekundu, hali hii hudhaniwa kuwa ni ule ugonjwa wa macho unaoambukizwa. Haiambukizwi kutoka mtu hadi mtu.

Wapo pia wanaodhani kwamba kuosha jicho kwa maji kunatosha. Buu ana urefu wa takriban milimita 1, mwili wake unakaribia kupenyeza mwanga, na mdomoni ana kulabu mbili nyeusi anazojishikizia kwenye utando wa jicho, hivyo maji humpita tu. Isitoshe, hukimbia mwanga: daktari anapommulika, hujipenyeza chini ya kope. Ndiyo maana daktari hutia kwanza dawa ya ganzi, akageuza kope, kisha akawatoa mabuu mmoja mmoja kwa kibano akitazama kwa darubini ya macho.

Hofu kwamba mabuu hao watakua na kufika kwenye ubongo haina msingi kwa Oestrus ovis, kwani ndani ya binadamu hawavuki hatua ya kwanza ya ukuaji, nao hufa baada ya siku chache. Hata hivyo, si haki kumtuliza kila mgonjwa kwa maneno hayo. Mabuu ya nzi wengine, wa jamii ya Hypoderma, yanaweza kupenya ndani kabisa ya jicho na kuharibu retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, nayo ya nzi aina ya Cochliomyia hominivorax na Chrysomya bezziana hula nyama hai, hasa penye vidonda vilivyoachwa bila matibabu, hata kumfanya mtu apoteze jicho zima. Kwa sababu hiyo buu aliyetolewa hatupwi, bali huhifadhiwa kwenye spiriti ili maabara imtambue.