Hofu ya uzazi wa kwanza: yanayosemwa na yanayotokea kweli

Mjamzito wa mimba ya kwanza hukusanya visa asivyoviomba. Kila anayeliona tumbo ana lake la kusimulia, na kinachosimuliwa zaidi ni kile kilichokwenda vibaya, kwa kuwa uzazi uliokwenda salama huisha kwa sentensi moja: alijifungua, wote wazima. Kufika mwezi wa nane, kichwa kimejaa damu, nyuzi na vilio.

Hofu hiyo si kitu kimoja. Mmoja anaogopa maumivu, mwingine kuchanika, mwingine kufa, mwingine kuvuliwa nguo mbele ya watu asiowajua. Kila hofu ina jibu lake, na jibu la hii haliitulizi ile. Ndiyo maana "usiogope, wanawake wote wanazaa" haimsaidii mtu.

"Ni woga tu, jikaze utapita"

Kuogopa kitu ambacho mwili haujawahi kukifanya ni jambo la kawaida, na hofu ya kiasi haimdhuru mtoto. Ila ipo hofu ya kiwango kingine, ambayo wataalamu huiita tokofobia. Utaitambua hivi: usingizi unakatika usiku baada ya usiku, ndoto za kujifungua zinajirudia, unakwepa kliniki, moyo unaenda mbio ukisikia tu neno leba, au umeikimbia mimba kwa miaka ingawa mtoto ulimtaka. Huwapata zaidi waliowahi kuugua sonona au wasiwasi mkubwa, na waliowahi kudhulumiwa kimwili au kingono. Kujikaza hakuiondoi. Hutibiwa kwa ushauri nasaha wa kitaalamu, na kadiri unavyoanza mapema ndivyo kunavyokuwa na muda wa kuishughulikia.

Kama kupimwa ndani ndiko kunakokutia hofu, si lazima usimulie yaliyopita. Yatosha kumwambia mkunga: "Vipimo vya ndani vinanipa shida kubwa, naomba kuelezwa kabla ya kuguswa."

Kwa hofu ya kawaida, chukua karatasi uandike mambo matatu unayoyaogopa, kila moja kwa ukamilifu wake. "Naogopa kuzaa" haina pa kushikwa. "Naogopa nitashonwa bila ganzi" inazaa swali moja kwa moja: hapa huwa mnachoma ganzi kabla ya kushona? Nenda na karatasi hiyo kliniki.

"Uchungu ni maumivu mfululizo mpaka mtoto atoke"

Hii ndiyo inayotisha kuliko zote, na ndiyo isiyolingana kabisa na jinsi mji wa mimba unavyofanya kazi. Mji wa mimba ni msuli. Unabana, kisha unaachia, na usipoachia mtoto hapati damu ya kutosha kupitia kondo. Mapumziko ni sehemu ya kazi yenyewe.

Piga hesabu. Uchungu ukishakolea, mikazo huwa 3 hadi 5 katika kila dakika 10. Tuseme ni 4, kila mmoja wa sekunde 60: umebanwa dakika 4 na umeachiwa dakika 6. Na katika zile sekunde 60, makali yenyewe yako katikati. Mkazo hupanda, hufika kileleni, hushuka. Ukishahisi unaanza kushuka, mkazo huo umeumaliza.

Mwenye hofu hukosea hapa: mkazo unaachia, yeye haachii. Mabega yamepanda, meno yameumana, ngumi zimekunjwa, anausubiri unaofuata. Kazi ya dakika 4 ameifanya kwa dakika zote 10, na baada ya saa kadhaa hana nguvu. Isitoshe, mtu akitishika mwili humwaga adrenalini, homoni ya kukimbia hatari, na hiyo inaweza kupunguza kasi ya oksitosini inayosukuma uchungu, hasa mwanzoni. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2012, uliofuatilia wanawake zaidi ya 2,000, ulikuta kwamba waliokuwa na hofu kubwa walikaa kwenye uchungu dakika 47 zaidi hata baada ya sababu nyingine kuondolewa kwenye hesabu. Lakini soma na upande wa pili wa utafiti huohuo: karibu 9 kati ya kila 10 ya wenye hofu hiyo walijifungua kwa njia ya kawaida.

Zoezi la kuanza nalo, tuseme wiki ya 30, dakika 10 kila siku: vuta pumzi kwa puani ukihesabu 4, itoe polepole kwa mdomo uliolegea ukihesabu 6 au zaidi. Kila unapotoa, shusha mabega, fungua viganja, achanisha meno. Ukishazoea, shika kipande cha barafu kwa dakika moja huku ukipumua hivyo, kisha pumzika dakika moja, urudie. Barafu si uchungu, ila inaufundisha mwili kubaki umelegea wakati kitu kinauma. Usipumue harakaharaka. Ukifanya hivyo utasikia kizunguzungu na vidole kufa ganzi, kwa sababu hewa ya ukaa mwilini imeshuka kupita kiasi. Dawa yake ni kurefusha pumzi ya kutoka.

Jambo moja zaidi ambalo halisemwi mara nyingi: mlango wa kizazi ukikaribia kufunguka wote, yaani sentimita 10, wengi hutetemeka, hutapika, na husema "siwezi tena, nirudisheni nyumbani". Hicho mara nyingi ni kipindi kifupi, na huja karibu na muda wa kusukuma. Atakayekuwa nawe alijue hili, kwa maana wewe saa hiyo hutalikumbuka.

"Uzazi wa kwanza njia hufunguka sentimita moja kila saa"

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 uliweka wazi kwamba kipimo hicho si cha kila mwanamke. Uchungu hasa huhesabiwa kuanzia sentimita 5, na kutoka hapo, kwa mzazi wa kwanza, kwa kawaida hauzidi saa 12. Kabla ya sentimita 5 hakuna muda maalumu. Unaweza kuuma na kupoa siku nzima, na hakuna kilichoharibika. Kusukuma kwa uzazi wa kwanza kwa kawaida hukamilika ndani ya saa 3.

Anayeanza kuhesabu saa tangu maumivu ya kwanza huingia leba akiwa ameshachoka na ameshaamini ameshindwa. Kipindi cha mwanzo ni cha kulala, kula chakula chepesi, kunywa, na kuoga maji ya uvuguvugu. Kutembea ni kuzuri, ila si mpaka miguu iishe. Mikazo ikija kila dakika 5, ikadumu dakika 1, kwa saa 1 nzima, nenda. Kituo kikiwa mbali, usingoje kipimo hicho.

Usingoje hesabu yoyote ukiona damu nyingi, maji ya kijani au ya kahawia, mtoto kupunguza kucheza, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, au uchungu kabla ya wiki 37.

"Chupa itapasuka ghafla na mtoto atatokea njiani"

Kwa wengi chupa hupasuka uchungu ukiwa umeshaanza. Takriban mmoja kati ya 10 ndiye hutangulia kuvuja maji, na hata hapo uchungu wa mimba ya kwanza huwa na saa nyingi mbele. Vaa pedi, angalia rangi, kumbuka saa, nenda ukapimwe.

"Nyonga zangu nyembamba, mtoto hatapita"

Upana wa nje wa kiuno hausemi lolote la uhakika kuhusu nafasi ya ndani. Mifupa ya nyonga imeunganishwa kwa viungo ambavyo hulegea katika ujauzito, na mifupa ya fuvu la mtoto haijashikana bado, kwa hiyo kichwa hujibana kikipita na kurudi umbo lake ndani ya siku chache. Kutolingana kwa kichwa na nyonga kupo, lakini mara nyingi hujulikana uchungu wenyewe ukiendelea, si kwa kumtazama mtu. Unachoweza kukisaidia ni mkao. Ukilala chali, uzito wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa wa damu na mfupa wa mkiani hukosa nafasi ya kusogea nyuma. Kupiga magoti ukiegemea kitanda, kuchuchumaa au kulala ubavu huacha nafasi zaidi.

"Lazima utakatwa au utachanika vibaya"

Tuseme ukweli wote: wazazi wa kwanza wengi huchanika kiasi fulani. Sehemu kubwa ni michubuko au mchaniko wa ngozi na misuli ya msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, unaoshonwa kwa ganzi na kupona ndani ya wiki chache. Mchaniko unaofika kwenye msuli wa njia ya haja kubwa, ambao ndio unaohofiwa, nchini Uingereza huwapata takriban 6 kati ya wazazi wa kwanza 100. Kuongezewa njia, yaani kukatwa msamba, kwa kila mzazi wa kwanza kama desturi hakupendekezwi na Shirika la Afya Duniani. Hufanywa panapokuwa na sababu, na una haki ya kuelezwa sababu hiyo.

Yapo ya kufanya. Kuanzia wiki ya 34, mara moja au mbili kwa wiki, osha mikono, paka mafuta safi, ingiza vidole gumba sentimita 3 hadi 4 ukeni, kandamiza kuelekea chini na pembeni mpaka usikie kuvutika, kaa hapo, endelea kwa dakika 5. Usifanye ikiwa una maambukizi, unatoka damu, kondo limekaa chini au chupa imepasuka. Wakati wa kusukuma, kitambaa cha maji moto ya kustahimilika kikiwekwa msambani hupunguza michaniko mikubwa. Kichwa kinapotokeza utasikia kuwaka kama moto. Wenye hofu husukuma kwa nguvu zote ili kuumaliza, na hapo ndipo ngozi hupasuka. Acha kusukuma, hema kwa pumzi fupifupi, mwache mtoto atoke polepole.

"Upasuaji ni njia ya mkato"

Mtoto hutoka ndani ya dakika chache za mwanzo, kweli. Maumivu hubaki kwako baadaye: wiki takriban 6 za kidonda, kuinuka na kubeba kwa shida, na kovu ambalo kondo la mimba zijazo linaweza kujishika. Upasuaji unaohitajika huokoa maisha na haumpunguzii mtu umama wake. Kama unautaka kwa hofu pekee, sema hivyo kliniki waziwazi, ili hofu yenyewe ishughulikiwe kabla ya uamuzi.

Vivyo hivyo kwa ganzi ya mgongoni: huchomwa chini ya pale uti wa mgongo unapoishia, haiongezi upasuaji, ingawa inaweza kurefusha kusukuma na kushusha presha. Haipatikani kila kituo, kwa hiyo uliza mapema.

"Nitapiga kelele, nitajisaidia, nitaaibika"

Mficha uchi hazai, wahenga walishasema. Choo kidogo kutoka wakati wa kusukuma ni kwa sababu kichwa cha mtoto kinakandamiza njia hiyo. Mkunga hufuta na kuendelea. Sauti nayo ni nafuu. Nzito ya kifuani husaidia kulegeza koo na taya, ilhali ya juu na kali huzikaza.

"Nikishaingia leba sina sauti tena"

Mwongozo uleule wa 2018 unapendekeza kila mzazi awe na mtu anayemtaka yeye kando yake, na wanaokaa na mtu muda wote hujifungua kwa kawaida zaidi na kwa muda mfupi zaidi. Uliza mapema kama kituo kinamruhusu. Mchague anayetulia, hata kama si wa karibu kuliko wote, na mkubaliane kazi zake: kukupa maji, kukukanda kiuno, kukukumbusha mabega, kuuliza "hiyo ni ya nini?" kabla ya kila sindano.

Nawe jifunze sentensi tatu fupi ambazo hata katikati ya uchungu zitatoka: "Nieleze kwanza." "Nataka kubadilisha mkao." "Subiri mkazo upite." Hiyo ya tatu itumie hasa unapopimwa ndani: mkazo ukishapita na misuli imelegea, kipimo huuma kidogo.