Marekani na Israel: yanayosemwa vijiweni na yaliyomo kwenye makaratasi

Kila mapigano yanapozuka Mashariki ya Kati, hadithi mbili hurudi. Ya kwanza: Israel ni jicho na mkono wa Marekani katika eneo lile, na bila hiyo Washington ingekuwa kipofu. Ya pili: Israel ni mzigo mtupu, na Marekani inaubeba kwa sababu imeshikwa masikio na kundi la watu wachache. Zote mbili zinaruka mambo yaliyoandikwa wazi katika sheria, bajeti na mikataba. Faida ya kimkakati ipo, ila ni nyembamba kuliko wanavyosema watetezi wake, na haipo pale wanapoelekeza kidole. Gharama nazo zipo, lakini kubwa zaidi si ile inayotajwa kila siku.

Dhana: Kuna mkataba wa ulinzi. Israel ikipigwa, Marekani inalazimika kuingia vitani.

Hakuna. Japani ina mkataba wa 1960, Korea Kusini wa 1953, na nchi za NATO zina kifungu cha 5, kinachosema kumpiga mmoja ni kuwapiga wote. Israel haina mkataba wa aina hiyo uliopitishwa na Seneti. Kilichopo ni hati za makubaliano, sheria za bajeti na mazoea ya miaka mingi. Hata ile hati ya ushirikiano wa kimkakati ya Novemba 30, 1981 ilisimamishwa mwezi uliofuata tu, baada ya Israel kupitisha sheria ya kuitwaa Golan, miinuko iliyoiteka kutoka Syria.

Israel ina hadhi ya "mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO", iliyoipata 1987. Hadhi hiyo hiyo Kenya ilipewa Juni 2024, ikiwa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara. Hurahisisha kushiriki katika utafiti wa silaha, kupokea vifaa vilivyozidi mahitaji ya jeshi la Marekani na kutunziwa akiba ya kivita. Haimlazimishi askari hata mmoja wa Marekani kuvuka bahari kuja kukupigania.

Tofauti halisi kati ya Nairobi na Jerusalem utaiona kwenye sheria ya kuuza silaha nje. Israel imewekwa kundi moja na nchi za NATO, Japani, Australia, Korea Kusini na New Zealand: Bunge la Marekani hupewa siku 15 kupitia mauzo makubwa, na taarifa rasmi hudaiwa pale tu mauzo ya silaha kubwa yanapofika dola milioni 25. Nchi nyingine, Kenya ikiwemo, huwekewa siku 30 na kiwango cha dola milioni 14.

Usiku wa Aprili 13 kuamkia 14, 2024, Iran iliporusha zaidi ya droni na makombora 300, Marekani, Uingereza, Ufaransa na Jordan zilisaidia kuyadungua. Ulikuwa uamuzi wa viongozi wao. Biden alimwambia Netanyahu wakati huo huo kwamba Marekani haitashiriki katika kulipiza. Juni 2025 mambo yakaenda kinyume: Israel ilianza kuishambulia Iran tarehe 13, na tarehe 22 ndege za B-2 za Marekani zikadondosha mabomu 14 ya kupasua miamba juu ya vituo vya nyuklia vya Fordow na Natanz. Hati zilikuwa zile zile, rais ndiye aliyebadilika. Wapo pia wakuu wa usalama Israel ambao hawautaki mkataba wa ulinzi, kwa hoja kwamba ungewafunga mikono kabla hawajapiga.

Dhana: Marekani imeipa Israel silaha tangu siku ya kwanza.

Rais Truman wa Marekani aliitambua Israel Mei 14, 1948, dakika 11 baada ya kutangazwa. Lakini Marekani ilikuwa imezuia silaha kwenda eneo hilo tangu Desemba 1947, na haikulegeza. Bunduki na ndege za vita vya 1948 zilitoka Chekoslovakia. Mwaka 1956 Israel ilipoivamia Sinai pamoja na Uingereza na Ufaransa, Rais Eisenhower aliibana hadi ikaondoka Machi 1957. Ndege zilizoshinda vita vya siku sita 1967 zilikuwa za Kifaransa, Mirage na wenzake. Rais wa Ufaransa, De Gaulle, alipozuia silaha kwenda Israel, ndipo Washington ikawa muuzaji mkuu. Ilikuwa imeanza kidogo kidogo kwa makombora ya Hawk yaliyokubaliwa 1962, yakafuata vifaru vya Patton na ndege za Skyhawk, na Septemba 1969 zikafika ndege za Phantom za kwanza.

Dhana: Israel hupewa mabilioni taslimu na kuyatumia inavyotaka.

Tuanze na kiasi. Hati ya makubaliano kati ya nchi hizo mbili, iliyotiwa saini Septemba 2016, inatoa dola bilioni 38 kwa miaka kumi ya fedha, 2019 hadi 2028. Ukigawa ni bilioni 3.8 kwa mwaka: bilioni 3.3 za kununulia silaha na milioni 500 za kinga ya makombora. Hati yenyewe haitoi hata senti. Bunge ndilo linaloidhinisha, kila mwaka, na linaweza kuongeza, kama lilivyofanya Aprili 2024.

Bajeti ikishapita, fungu la mwaka mzima huingizwa ndani ya siku 30 katika akaunti yenye riba kwenye Benki Kuu ya Marekani, tawi la New York. Nchi nyingi nyingine husubiri malipo yatoke kwa mafungu. Kutoka hapo fedha huenda kwa watengenezaji kupitia njia mbili: serikali kwa serikali, ambapo Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, hununua na kukabidhi, au Israel kuingia mkataba moja kwa moja na kiwanda cha Marekani kwa kibali.

Upendeleo mkubwa zaidi, ambao hautajwi sana, ni ruhusa ya kulipa kwa awamu. Nchi ya kawaida hutakiwa kuwa na fedha za oda nzima mkononi. Israel huweza kusaini oda kubwa kuliko fungu la mwaka, ikitegemea mafungu ya miaka ijayo. Ndivyo ilivyoagiza kikosi cha tatu cha ndege za kivita za F-35, ndege 25 kwa takriban dola bilioni 3, na oda ikasainiwa Juni 2024. Hapo ndipo mtego ulipo pia: fedha za miaka ya mbele zimeshafungwa kwenye mikataba ya jana, kwa hiyo ikizuka dharura hakuna nafasi ya kugeuza.

Kuna sehemu iliyokuwa karibu na taslimu kweli. Kwa miaka mingi Israel iliruhusiwa kutumia asilimia 26.3 ya fedha za silaha ndani ya nchi yake, kwa viwanda vyake. Hati ya 2016 inaipunguza ruhusa hiyo hadi sifuri ifikapo mwaka wa fedha 2028. Kampuni kubwa zimejisogeza: Rafael ya Israel inashirikiana na Raytheon ya Marekani kwenye kiwanda cha makombora huko Camden, Arkansas. Wanaoumia ni wauzaji wadogo, ambao hawana ubavu wa kufungua karakana Marekani.

Dhana: Fedha hizo zikikatwa, Israel inaanguka kesho.

Uchumi wa Israel unazidi dola bilioni 500 kwa mwaka. Bilioni 3.8 hazifiki asilimia moja yake, na msaada wa kiuchumi ulishakoma miaka ya 2000. Pengo la fedha lingeuma lakini lingezibika.

Pasipozibika ni ghala. F-15, F-16 na F-35 zote zinategemea vipuri vya Marekani. Vifaa vya kugeuza bomu la kawaida liwe la kulenga vinatoka huko huko. Ndiyo maana Mei 2024 Biden alipozuia shehena moja ya mabomu, yakiwemo 1,800 ya ratili 2,000, kelele zilikuwa kubwa kuliko thamani ya mzigo wenyewe. Trump aliuachia Januari 2025. Na Desemba 2023 serikali ya Biden hiyo hiyo ilikuwa imetumia kifungu cha dharura mara mbili ndani ya mwezi mmoja ili risasi za vifaru na mizinga zisisubiri Bunge.

Dhana: Israel ndiyo kambi kuu ya Marekani Mashariki ya Kati.

Chukua ramani. Makao ya mbele ya kamandi ya jeshi la Marekani ya eneo hilo na uwanja mkubwa wa ndege viko Al Udeid, Qatar. Meli za Kikosi cha Tano ziko Bahrain. Kuwait ina Camp Arifjan, Emirati ina Al Dhafra, na Oman ilisaini makubaliano ya kutumia viwanja na bandari zake mwaka 1980. Israel ina rada ya AN/TPY-2 kule jangwa la Negev, inayoendeshwa na Wamarekani tangu 2008, na kambi ndogo iliyofunguliwa 2017. Rada ile ni ya maana sana, maana humulika kombora likiwa bado mbali, lakini rada si kambi ya kuanzishia vita.

Mwaka 1991 somo lilitolewa hadharani. Saddam Hussein wa Iraq aliirushia Israel makombora ya Scud yapatayo 39 akitaka ijibu, ili majeshi ya Kiarabu yajitoe katika muungano wa kuikomboa Kuwait. Marekani ikapeleka betri za Patriot za kudungulia makombora na kuisihi Israel ikae kimya. Katika vita vile vikubwa, mchango mkubwa wa mshirika huyu ulikuwa kutoshiriki. Kwa miongo kadhaa Israel ilihesabiwa hata chini ya kamandi ya Ulaya, ili majenerali wa Kiarabu wasikae naye meza moja. Ilihamishiwa kamandi ya Mashariki ya Kati, CENTCOM, mwaka 2021, baada ya Emirati na Bahrain kusaini mahusiano nayo 2020. Bila uhamisho huo, kuunganisha rada na ndege za nchi kadhaa usiku ule wa Aprili 2024 kungekuwa kazi ngumu zaidi.

Dhana: Marekani haipati chochote.

Inapata, na vita baridi ndivyo vilivyokuwa msimu wa mavuno. Agosti 1966 rubani wa Iraq alitoroka na MiG-21, ndege ya kivita ya Kisovieti, hadi Israel, na mwaka 1968 Wamarekani wakairusha wenyewe kuisoma, wakati marubani wao wakipambana na aina hiyo Vietnam. Septemba 1970, Syria ilipoingiza vifaru Jordan, Israel ilisogeza majeshi yake kwa ombi la Washington, na Syria ikarudi nyuma.

Leo faida iko kwenye teknolojia na ujasusi. Mfumo wa Trophy wa Rafael, unaodungua roketi kabla haijagusa kifaru, umefungwa kwenye vifaru vya Abrams vya Marekani. F-35 ilitumika vitani kwa mara ya kwanza mikononi mwa Israel, ikatangazwa Mei 2018. Na ghala la akiba ya Marekani lililoko Israel lilipunguzwa ili kuipelekea Ukraine risasi za mizinga za milimita 155.

Lakini tazama Iron Dome, mfumo wa Israel wa kudungua roketi, kwa karibu, maana ndiyo hutajwa kama ushahidi wa mwisho. Jeshi la nchi kavu la Marekani lilinunua betri mbili mwaka 2019. Zilipofika, tatizo halikuwa kombora. Jeshi lilitaka rada zake na mitambo yake yote izungumze katika mtandao mmoja wa amri, na Israel haikutaka kutoa msimbo asilia wa programu za mfumo wake. Betri zikabaki zinafanya kazi peke yake, na 2021 jeshi likachagua mfumo mwingine. Kikosi cha Marine cha Marekani kilifanya kwa akili zaidi: walichukua kombora la Iron Dome, Tamir, peke yake, wakalifunga kwenye mtambo na rada zao.

Dhana: Lobi inaiamuru Washington, au Washington inaiamuru Israel.

Lobi, yaani makundi ya ushawishi yanayoitetea Israel, ina nguvu kubwa Bungeni. Sheria ya 2008 inayoitaka serikali ihakikishe Israel inabaki mbele ya majirani zake kwa ubora wa silaha ni matunda ya nguvu hiyo. Ila rais akiamua kwa dhati, hushinda. Rais Reagan aliiuzia Saudi Arabia ndege za rada za AWACS mwaka 1981, Seneti ikimuunga mkono kwa kura 52 dhidi ya 48. Makubaliano ya nyuklia na Iran yalipita 2015, ingawa Netanyahu alikwenda kuyapinga ndani ya Bunge lenyewe.

Upande wa pili, Israel ilipiga kinu cha nyuklia cha Osirak, Iraq, Juni 1981 bila kuaga, na Marekani ikaunga mkono azimio la Umoja wa Mataifa la kuilaumu. Inapogusa teknolojia na China, hata hivyo, mkubwa husikilizwa: Julai 2000 Israel ilivunja mkataba wa kuiuzia Beijing ndege za rada za Phalcon.

Dhana: Gharama ni zile bilioni 3.8.

Hizo ndizo gharama nafuu. Katika vita vya Oktoba 1973 ndege za Marekani ziliipelekea Israel zaidi ya tani 22,000 za vifaa kwa safari 567, zikitua visiwa vya Azores vya Ureno kwa sababu karibu Ulaya yote ilikataa viwanja vyake. Nchi za Kiarabu zikafunga mafuta, na pipa likapanda kutoka kama dola 3 hadi karibu 12. Bili hiyo ililipwa hadi Nairobi na Dar es Salaam.

Kuanzia Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walishambulia meli Bahari ya Shamu wakitaja vita vya Gaza. Manowari za Marekani zilidungua droni za bei chee kwa makombora yanayozidi dola milioni mbili kila moja. Meli nyingi zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na mzigo wa Ulaya uliozoea kupita Suez kuja Mombasa ukachelewa na kupanda nauli. Juni 2025 Marekani ilitumia makombora yake ya THAAD, ya kudungulia makombora mengine, kuikinga Israel, kutoka akiba ile ile inayotegemewa Asia endapo kutawaka na China, na viwanda havitengenezi mengi kwa mwaka. Hapo hesabu ya mkakati ndipo inapokuwa ngumu: fedha Bunge linaweza kuzipitisha kwa wiki moja, lakini kombora la kudungulia huchukua miaka tangu kuagizwa hadi kufika.

Dhana: Mpango huu hauna mwisho.

Una tarehe. Mwaka wa fedha 2028 unafungwa Septemba 30, 2028, na hati ya 2016 inakwisha nayo. Hati ile iligharimu mazungumzo ya miezi mingi, na ndani yake Israel iliahidi kutoomba nyongeza nje ya kiasi kilichokubaliwa, isipokuwa kukiwa na vita. Aprili 2024 nyongeza ya dola bilioni 8.7 za msaada wa kijeshi ilipita kupitia mlango huo wa vita.