wg0 izaliwe nje ya kontena

Wengi tunaotaka kuliingiza kontena (programu iliyofungiwa peke yake ndani ya seva) kwenye mtandao wa WireGuard, yaani handaki la VPN linalosimba data, huanza kwa kuweka programu ya WireGuard ndani ya kontena. Nami nilianza hivyo. Mara kontena linadai `/dev/net/tun` (kifaa cha kuundia handaki), unalipa. Linadai NET_ADMIN (ruhusa ya kusimamia mtandao), unalipa. Mwishowe ukuta uliojenga umejaa matundu, na kontena linajipangia njia za mtandao litakavyo.

Siku hizi nafanya kinyume. WireGuard imo ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo 5.6 la mwaka 2020, na ina tabia moja ninayoipenda mno: wg0, yaani kiolesura chake cha mtandao, haisahau ilikozaliwa. Ukiiunda kwenye seva mwenyeji kisha ukaihamishia kwenye chumba cha mtandao (network namespace) cha kontena, pakiti zilizosimbwa huendelea kupita kwenye soketi ya UDP iliyobaki kwa mwenyeji. Chumba changu kinaitwa `duka`:

```
ip link add wg0 type wireguard
wg setconf wg0 wg0.conf
ip link set wg0 netns duka
ip -n duka addr add 10.7.0.2/24 dev wg0
ip -n duka link set wg0 up
```

Anwani iwekwe baada ya kuhama, kwa sababu kuhama huifuta (hili lilinila jioni nzima). Na usiache mstari wa `Address` kwenye faili. Huo ni wa wg-quick (amri nyingine ya kuwashia WireGuard), `wg setconf` itaukataa.

Sasa kontena linaona `lo` na `wg0` tu. Handaki likikatika, kontena halina mlango wa uani.

Seva yangu iko nyuma ya modemu ya simu, haina anwani ya umma, kwa hiyo niliweka `PersistentKeepalive = 25` (pakiti ndogo kila sekunde 25) ili njia isifungwe. Hapo ping ikajibu, SSH ikaingia, lakini kila nikivuta nakala ya hifadhidata inaganda kimya. Kumbe ni ukubwa wa pakiti (MTU). wg0 hujipa baiti 1420 ikidhani njia ya nje inabeba 1500. Yangu haikufika huko, pakiti zikawa zinakatwa vipande na vipande vinapotelea njiani. Ndani ya `duka`, `ping -M do -s 1392` haikujibiwa. `-s 1252` ikajibiwa. Ongeza baiti 28 za vichwa, unapata 1280.

```
ip -n duka link set wg0 mtu 1280
```

Nakala ikashuka yote.