403 haithibitishi kapa

Wiki hii tena. Mwanafunzi kaingia maabara na spektra ya karajenani, sukari ndefu ya mwani, iliyotoka kwenye mwani wa Kibuyuni, kaweka kidole kwenye kilele cha 403, kaniambia, "Mwalimu, ni kapa, mashine imesema." Kapa ni aina moja ya karajenani; alfa na iota ni nyingine. Mashine haikusema hivyo, na nimelieleza jambo hili mara nyingi mno hapa Nairobi hata nimeona niliandike.

Spektromita ya tungamo imepima tungamo tu, ikigawanywa kwa chaji. Ioni hasi ya 403 ni sukari mbili zilizoshikana, galaktosi na anhidrogalaktosi (galaktosi iliyopungukiwa na maji), pamoja na salfeti moja. Kwenye kapa, salfeti hiyo iko kaboni ya 4 ya galaktosi. Kwenye alfa iko kaboni ya 2 ya anhidrogalaktosi. Atomi ni zile zile, kwa hiyo mashine yenye usahihi mkubwa zaidi haikusaidii. Usahihi huo utatenganisha salfeti na fosfeti, zinazopishana kwa 0.0095. Isoma, yaani molekuli za atomi zile zile zilizopangwa tofauti, hazipishani kabisa.

Basi ivunje ioni kwa kuigonga. Kiungo kati ya sukari mbili kikikatika, kapa inaweza kubaki galaktosi na salfeti yake: 259. Alfa haifiki 259 kwa njia hiyo, maana galaktosi yake haina salfeti. Hapo ndipo watu wanapokimbilia 241, na mimi ndipo ninapochoka. Kapa hutoa 241, galaktosi yenye salfeti iliyopoteza maji. Alfa nayo hutoa 241, anhidrogalaktosi yenye salfeti. Fomula ni moja. Na ukiwa na iota kwenye sampuli, pea yake ya sukari yenye salfeti mbili na chaji mbili hasi inatua 241 hiyo hiyo, desimali kwa desimali! Iota utaitambua ukivuta picha karibu: vilele vya isotopu (ioni ile ile yenye atomi nzito kidogo) vitaachana kwa nusu badala ya moja. Hizo mbili nyingine, 241 haikuambii lolote.

Ukigonga kwa nguvu mno, salfeti inang'oka, unabaki na 323 na swali lako halijajibiwa.

Hata 259 siiamini peke yake. Salfeti inaweza kuhama kutoka kaboni moja hadi nyingine ioni inapogongwa. Limeshaonekana kwenye oligosakaridi. Kilele kidogo cha 259 kinaweza kuwa alfa iliyohamisha salfeti, na mimi sina kipimo cha uhakika cha kusema "kidogo" kinaishia wapi. Ndiyo maana namtuma mtu kwenye infraredi, mashine ya bei nafuu inayodharauliwa, ambayo namba zake si tungamo bali ni idadi ya mawimbi kwa sentimita: 845 ni salfeti ya kaboni ya 4 ya galaktosi, 805 ni ile ya kaboni ya 2 ya anhidrogalaktosi.

Tuliirudia ile sampuli pamoja. 259 ilisimama ndefu, 845 ikawa wazi, 805 hafifu, na kwenye 241 kulikuwa na vilele vya nusu nusu. Ni kapa yenye iota kidogo. Safari hii kaandika hivyo kwenye daftari, na namba zote nne kando yake.